Sumitrabai Katika Bohari ya Pamba

Mvua ya mwisho wa mwaka wa sitini na moja iliingia Malaba kama mgeni aliyekuja na mizigo yake yote, ikakaa. Mto ulifura ukapanda mashambani, na ng'ambo kule maji yakalila tuta la reli hata vyuma vikabaki vinaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Treni ya kwenda Kampala ilifika stesheni asubuhi moja ya ukungu, ikahema kwa nguvu, kisha ikanyamaza. Haikuwa na pa kwenda.

Kadija aliisikia ikinyamaza akiwa jikoni kwa Ratilal, muuza duka na mnunuzi wa pamba. Alikuwa na miaka ishirini na minane. Mama yake, Zainabu, alikuwa amemlea katika jikoni lile lile wakati alipokuwa akifanya kazi hapo, na Kadija akakiokota Kigujarati kati ya sufuria na mchi, kama watoto wengine wanavyookota maembe. Kisha aliolewa Mbale na dereva wa lori aitwaye Dauda. Miaka sita ikapita bila mtoto, na Dauda akamrudisha kwao Burumba, mjini Busia, akiwa na sanduku lake na kimya kilichozidi uzito wa sanduku. Tangu hapo alirudi kwa Ratilal, akipika na kumtunza mama yake Ratilal, bibi kizee ambaye watu wote walimwita Ba. Kusema alisema, lakini maneno yake yalikuwa ya kazi tu: chai tayari, maji yamechemka, nguo zimekauka.

Ba alikuwa na gramafoni na santuri chache zilizochakaa. Aliyoipenda kupita zote ilikuwa ya mwimbaji wa Bombay, Sumitrabai Kolhekar. Ilikuwa sauti ya msichana, nyembamba na safi, ikipanda ngazi zisizoonekana, ikifika juu inageuka na kutazama chini bila woga. Kadija aliisikia tangu hajaota meno ya pili. Akilini mwake Sumitrabai alikuwa msichana wa miaka kumi na sita asiyezeeka, akiishi ndani ya lile sanduku la mbao.

Basi mchana ule Ratilal aliporudi kutoka stesheni akiwa amelowa hadi kwenye nyusi, macho yamemtoka, Kadija hakuelewa alichokuwa akisema.

"Yuko hapa!" Ratilal alimwambia mama yake. "Sumitrabai mwenyewe! Alikuwa anakwenda Kampala kuvishwa shali ya dhahabu, ya heshima. Wenzetu wa kule wamekodi ukumbi, wamealika watu mpaka wa Jinja. Na treni imekwama. Anakuja kulala kwetu!"

Aliyeingia mlangoni nyuma yake alikuwa mama mzee mnene, anayechechemea mguu wa kushoto, nywele nyeupe zimefungwa kisogoni. Nyuma yake alikuja Wesonga, mbeba mizigo wa stesheni, akiikokota baiskeli yake kwa uangalifu wa mtu anayempeleka mgonjwa. Juu ya baiskeli, ndani ya magunia na blanketi, kulikuwa na kitu kirefu chenye tumbo kubwa.

"Dada, shika pole pole," Wesonga alimwambia Kadija wakikishusha. "Hii kitu inalia yenyewe. Njia yote inalia. Nikiruka shimo, inasema mmmm."

Walipoyaondoa magunia, Wesonga akacheka. "Kumbe ni litungu! Litungu ya Wahindi!"

Haikuwa litungu, kile kinubi cha kwao Wesonga, lakini hakukosea sana. Ilikuwa tambura: kibuyu kikubwa kuliko kichwa cha ng'ombe, shingo ndefu ya mbao nyeusi, na nyuzi nne. Sumitrabai aliipapasa yote kama anayetafuta mahali palipovunjika. Hakuona ufa. Akaketi juu ya kitanda cha kamba, akamtazama Kadija, akasema kwa Kigujarati alichokipata miaka aliyoishi mji wa Baroda: "Binti, nina njaa."

Hiyo ndiyo sauti ya kwanza aliyoisikia Kadija nje ya santuri. Ilikuwa nzito, ina mikwaruzo, kama mlango wa zamani.

*

Mvua haikukoma. Siku ya shali ikafika, ikapita. Ratilal alizunguka nyumba akijishika kichwa, akituma simu za upepo Kampala na kurudi stesheni kuuliza kama reli imepona. Sumitrabai alilala usingizi mzito siku hiyo hadi adhuhuri, akaamka amechangamka, akaomba chai ya tangawizi.

"Bai, husikitiki?" Kadija alimuuliza. Hata mwenyewe alishangaa kujisikia anauliza.

"Nikwambie kitu?" Mama mzee alishusha sauti. "Msichana hapewi shali ya dhahabu. Wanampa maua, kesho wanamwita tena. Wakikufunika shali ya dhahabu, ujue wanakuaga."

Alikuwa na taabu nyingine. Mwanafunzi aliyesafiri naye, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga tambura nyuma yake, alishikwa na homa njiani, akaachwa hospitalini Eldoret. Na Sumitrabai alikuwa hajawahi kukaa siku nyingi hivyo bila kuimba. Asubuhi iliyofuata alijaribu kuimba huku akipiga mwenyewe, lakini baridi yabisi ilikuwa imemkunja vidole. Akaitazama mikono yake, akaitazama ya Kadija iliyokuwa ikichambua mchele.

"Acha mchele. Njoo ukae hapa."

Alimfundisha barazani, mvua ikichora ukuta wa maji mbele yao. Kidole cha kati uzi wa kwanza, kisha cha shahada uzi wa pili, wa tatu, wa nne. Kisha tena. Kisha tena. Hakuna wimbo wa kupiga, hakuna pa kufika.

"Usinyakue. Ubembeleze," alisema. "Na usinifuate. Nikipanda, wewe kaa. Nikishuka, wewe kaa. Mimi ni mtu wa kupotea. Wewe ndiye nyumba."

Mwanzoni nyuzi zilitoa sauti nne. Lakini ilipofika alasiri, mkono wa Kadija ukiwa umeanza kusahau kwamba ni mkono, zile sauti nne ziliyeyuka zikawa moja, na ndani ya ile moja zikaanza kuchipuka nyingine ambazo hakuna aliyezipiga, ndogo ndogo, za fedha, kama samaki wanaogeuka ndani ya maji machafu. Kadija aliinua uso kwa mshtuko.

"Umezisikia?" Sumitrabai aliuliza.

"Ni za nani?"

"Sijui. Nimeziuliza maisha yangu yote."

Basi siku zile zikawa hazina mwanzo wala mwisho. Asubuhi ilifanana na jioni, mawingu yakishuka hadi juu ya mabati. Kadija alipiga, mama mzee aliimba kidogo, kisha aliacha kuimba akasimulia, na mara nyingine Kadija hakutambua ni wapi wimbo ulipoishia na hadithi ilipoanza.

Sumitrabai alizaliwa katika mji mdogo kando ya mto. Mama yake alikuwa mwimbaji wa karamu za matajiri. Walimwita kila palipokuwa na arusi, wakamsikiliza hadi machozi yakawatoka, lakini aliingia kwa mlango wa jikoni, na kikombe alichonywea kilivunjwa akishaondoka. Sumitra akiwa mdogo alitumwa kila alfajiri kumpelekea maziwa mzee mmoja, fundi wa muziki aliyefundisha wanawe tu. Siku moja mzee alimkuta nje ya ukuta akiimba somo la wanawe. Hakumfukuza. Alimpa sauti moja tu, ya chini kabisa, akamwambia asiiguse nyingine mpaka atakaporuhusiwa.

"Ukakaa nayo muda gani?"

"Masika mazima. Nilimchukia! Nililia, nikatupa chungu cha maziwa. Ila siku moja niliingia ndani ya ile sauti nikaona ni kubwa kuliko mji wetu."

Baadaye yakaja mambo ambayo Ba na Ratilal waliyajua kwa moyo, kwa kuwa magazeti yaliyaandika. Mfalme mmoja alimvua mwanawe mkufu wa lulu akamvisha yeye. Kampuni za santuri ziligombania sauti yake. India ilipopata uhuru, Rais alimbandika nishani kifuani, na chuo kikuu, yeye asiyejua kusoma vizuri, kikamvika joho la udaktari lililomfika hadi kwenye vidole vya miguu.

"Niliporudi mji wetu na nishani," alisema, "ile nyumba kubwa kuliko zote ilinitandikia zulia kutoka barabarani hadi mlango wa mbele. Tarumbeta, maua, watoto wa shule. Mama yangu alikuwa amekufa zamani. Nilisimama pale penye zulia, kisha nikavua viatu, nikazunguka nyuma, nikaingia kwa mlango wa jikoni."

Kadija aliendelea kupiga nyuzi. "Wakafanyaje?"

"Wapishi walipiga kelele. Wenye nyumba wakakimbilia jikoni, mmoja akateleza kwenye maganda ya vitunguu." Sumitrabai alicheka hadi akakohoa. Kisha akatazama mvua. "Nilitaka tu kujua dari ya kule jikoni ilikuwaje. Ile aliyoiona mama. Ilikuwa nyeusi kwa moshi."

*

Mafuriko yalikwamisha malori pia, na katika moja lililokuwa limebeba chumvi alikuwamo Dauda. Alimwona Kadija barazani kutoka barabarani. Akaja, kofia mkononi, akasimama chini ya michirizi ya paa.

"Kadija," alisema.

Sumitrabai alikuwa ameanza kuimba, amefumba macho. Kadija alimwona Dauda, moyo ukampiga. Lakini nyuzi zilikuwa mikononi mwake na yule mama alikuwa mbali, amepanda juu ambako mtu hawezi kuachwa peke yake. Hakuacha. Dauda akangoja. Maji yakamlowesha mabega, yakamwingia kwenye viatu. Alikuwa mtu wa haraka, mtu wa honi, na Kadija hakuwahi kumwona amesimama mahali kwa muda mrefu vile. Uso wake ulibadilika taratibu: kwanza hasira, halafu haya, halafu akawa anasikiliza tu, mdomo wazi kidogo.

Wimbo ulipokwisha, Sumitrabai alifumbua macho, akawatazama wote wawili, akajikokota ndani.

"Nimekuja nikuchukue," Dauda alisema. "Nilioa mwingine, si unajua. Ako na mtoto sasa. Lakini nyumba haina... Kadija, mimi nilikosea. Kuja turudi. Utakuwa mkubwa wa nyumba."

"Mtoto ni wa kike?"

"Wa kiume. Sasa anatambaa."

Kadija alitabasamu, na lilikuwa tabasamu la kweli, ingawa lilimuuma. Alimpenda mtu huyu. Alikumbuka harufu ya dizeli kwenye shati lake, na jinsi alivyomletea maembe ya Soroti amefunga kwenye leso. Kwa muda aliiona nyumba ile ya Mbale, mlima nyuma yake, na yeye mlangoni.

"Dauda, siku uliyonishusha kwa mama hukuzima hata injini," alisema. "Niliisikia inanguruma mpaka ukakata kona. Kwa miaka miwili nimekuwa nikiisikia. Hizi siku tatu nne, siisikii."

"Kwa sababu ya hiyo kibuyu?"

"Sijui ni kwa sababu ya nini. Lakini siji. Mlee mtoto wako vizuri."

Dauda aliivaa kofia, akaivua, akaivaa tena. "Huyo mama anaimba nini?" aliuliza mwishowe. "Ni kama mtu anaita mtu."

"Hata mimi sijui anamwita nani," alisema Kadija, akamletea chai akainywa amesimama.

*

Habari ikatoka Kampala: kama mwimbaji hawezi kuifuata shali, shali itamfuata mwimbaji. Bwana mmoja wa kamati alivuka mto kwa mtumbwi, suti yake imekunjwa hadi magotini, bahasha ya hariri kichwani, na mpiga picha nyuma yake. Ratilal alitafuta mahali pa kukusanya watu. Duka lilikuwa dogo. Basi akafungua bohari yake ya pamba, kwenye njia ya Amagoro, ambamo marobota yalikuwa yamerundikana yakingojea treni.

Sumitrabai alikubali, kwa sharti moja: iwe asubuhi. "Miaka ishirini wananiimbisha jioni, wakishakula. Nyimbo za alfajiri alizonifundisha mzee zinanifia tumboni."

Wakakusanyika kukiwa bado kuna kijivu. Walikuja Wahindi wa Malaba na wa Busia na watoto wao waliolazwa mapajani, wafanyakazi wa reli, abiria waliokwama, akina mama wa Kiteso waliokuwa wameleta pamba yao ya kwanza ya msimu na kukuta mnunuzi amegeuka mwenyeji. Wesonga alikaa juu kabisa ya marobota. Pamba ilimeza kelele zote. Mtu akikohoa, kikohozi kilizama kama jiwe ndani ya ziwa. Kupitia nyufa za mabati mwanga uliingia michirizi michirizi, na ndani yake nyuzi za pamba zilielea pole pole bila kutua.

Kadija alipanda jukwaa la mbao akaketi nyuma ya Sumitrabai, tambura imesimama begani kwake. Yule bwana wa kamati alimkaribia Ratilal, akanong'ona kwa Kigujarati, lakini bohari ilikuwa kimya mno na watu wote walisikia.

"Huyu ni yaya wako? Hii picha itakwenda Bombay. Kuna mke wa daktari pale, aishike yeye."

Ratilal alitazama chini. Kadija alikielewa kila kitu. Uso ukamwaka moto. Aliilaza tambura mapajani, akaanza kujiinua ili atoke kabla hajatolewa. Ndipo mkono wenye vidole vilivyokunjamana ukaja nyuma, bila mwenye mkono kugeuka, ukamshika kifundo cha mkono na kumkalisha. Na kabla bwana yule hajafungua mdomo tena, Sumitrabai alianza kuimba. Hapakuwa na la kufanya. Hakuna aliyethubutu kumkatiza.

Aliimba bila nyuzi, peke yake, akiingoja tambura. Kadija akapumua, akagusa uzi wa kwanza.

Alianzia chini, kwenye ile sauti moja ya masika mazima. Alikaa humo hadi watu wakaacha kungoja. Kisha akaanza kupanda, sauti yake ya mlango wa zamani ikifunguka kidogo kidogo, na mwanga wa nje ulikuwa unapanda pia, hata hapakuwa na mtu aliyejua ni kipi kinakivuta kingine. Kadija alibaki nyumbani. Alipiga, na nyuzi zikaacha kuwa zake. Alimwona mama yake Zainabu akiwa kijana, amembeba mgongoni jikoni kwa Ba. Aliwaona watoto ambao hakuwazaa, wakipita mbele ya mlango wakicheza, hawana huzuni, wakiendelea na safari zao. Aliwaacha wapite.

Juu kabisa, pale ambapo santuri ilikuwa ikigeuka na kutazama chini, sauti ya Sumitrabai ilivunjika. Mke wa daktari aliziba mdomo. Lakini mama mzee hakukimbia. Alirudi pale pale ilipovunjika, akaivunja tena, polepole, kama anayefungua mkate wa moto aone mvuke, na humo katikati kulikuwa na kitu kitamu na cha kutisha ambacho yule msichana wa santuri hakuwa nacho. Ba, aliyekuwa hasikii vizuri tena, alikuwa ameegemeza shavu kwenye robota la pamba na machozi yalikuwa yanaingia ndani ya pamba.

Alipomaliza, jua lilikuwa limetoka. Ndipo mwanamke mmoja wa Kiteso nyuma akapiga kigelegele, bohari nzima ikalipuka. Bwana wa Kampala alipanda na shali. Akaitandaza mabegani mwa Sumitrabai, akainama akagusa miguu yake. Alipoinuka alisita mbele ya Kadija, akaunganisha viganja vyake kumpa salamu, kisha akashuka upesi. Katika gazeti lililokuja baadaye Kadija hakuonekana. Fundi wa picha alimkata, ukabaki mkono mmoja mweusi juu ya mbao nyeusi.

Reli ilipotengenezwa, Sumitrabai hakumuuliza Kadija kama anataka kusafiri. Alimwambia tu, "Mwanafunzi wangu bado amelala Eldoret. Nguo zako ni nyingi?"

Hazikuwa nyingi. Walikwenda Tororo, Jinja, Kampala, na Kadija akaketi nyuma yake katika kumbi zenye taa za vioo. Kila mahali kulikuwa na watu wa kunong'ona, na kila mahali mama mzee alianza kuimba kabla hawajamaliza. Mwishowe alimwomba waende wote Bombay. Kadija alifikiri usiku kucha, asubuhi akasema hapana, akashindwa kueleza sababu, wakalia wote wawili kwenye stesheni ya Kampala kama watoto.

*

Alirudi Burumba akafungua hoteli ndogo ya chai na mandazi pamoja na Zainabu. Akawachukua wasichana wawili wa dada yake aliyefariki, akawalea. Watu walisema Kadija wa siku hizi anaongea sana.

Mwaka wa sitini na nane, Ratilal alipita hapo katika gari lililojaa masanduku. Ba alikuwa ameshafariki, leseni za biashara zimekuwa ngumu, na familia ilikuwa inahamia Uingereza. Aliketi kwenye benchi la hoteli, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaomba chai.

"Sumitrabai amekufa," alisema. "Nimesikia redioni. Walimpa nishani kubwa kuliko zote za nchi, na wiki iliyofuata akafa. Walisoma heshima zake zote, mfalme, Rais, chuo kikuu. Ilichukua muda mrefu. Malaba hawakuitaja."

Kadija aliyaweka mandazi mezani. Machozi yalimlengalenga, lakini hayakudondoka.

"Alikuwa anashindwa kula akiwa na jambo linalomsumbua moyoni," alisema. "Siku ile ya bohari alikula chapati nne."

Ratilal alicheka, kisha akafunika uso kwa viganja, akakaa hivyo. Kadija hakumharakisha. Nje malori yalikuwa yanapanga foleni mpakani, mmoja wa wasichana akiimba huku akiosha vikombe, na Ratilal alipoinua uso, alimkuta Kadija amemwongezea chai, amekaa mkabala naye, amekunja mikono, tayari kumsimulia yote tangu mwanzo.